Mama anakunywa mjonso na vidonge vya sukari, na mimi nimeapishwa nisiseme

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33. Nakaa Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, na nauza dagaa na mawese sokoni Mwanga. Baba alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo niko na mama yangu, ana miaka 64, pamoja na wanangu wawili. Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam, yeye ndiye anayetuma hela ya dawa. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi kwenye boti za watalii, hupeleka wageni Mahale. Nawataja wote kwa sababu wote wamo kwenye jambo hili.

Mama aligundulika na sukari mwaka juzi. Alikuwa anakunywa maji usiku kucha na kwenda chooni kila mara, sisi tukadhani ni mambo ya umri. Kliniki walimpima wakakuta 17. Akaandikiwa vidonge vya aina mbili, metformin na glibenclamide. Alianza vizuri, lakini metformin ilimsumbua tumbo, akawa analalamika kila siku kwamba anaharisha na hana hamu ya kula.

Sasa mama ni Mtongwe. Babu mzaa mama alikuwa mganga wa miti shamba huko ukanda wa ziwa, kusini, na watu walikuwa wanamfuata kwa mitumbwi. Mti wake mkubwa ulikuwa mjonso, ule ambao majirani zetu Waha wanauita mubirizi. Mama amekua akiona mtu akiumwa tumbo, akiwa na minyoo au homa, babu anaenda kwenye mjonso. Hapa kwetu uko mmoja uani, aliupanda mwenyewe tulipohamia. Jirani mmoja akamwambia kwamba huo mti unashusha sukari, akamrushia na sauti za WhatsApp za mtu anayesema ukinywa miezi mitatu unapona kabisa. Mama akaniambia, "Kumbe dawa ninayo mlangoni, nahangaika na vidonge."

Anayetwanga ni mimi. Kila alfajiri nachuma majani, natwanga, nakamua, nachuja kwa kitambaa, nampa kikombe kimoja cha chai. Baadaye akaomba viwili, asubuhi na jioni. Imefika miezi saba. Vidonge hajaacha, ila kuna siku anameza na kuna siku namkuta amevifunga kwenye pindo la kanga.

Mwanzoni alipokwenda kliniki alisema ukweli kwamba anakunywa majani. Nesi mmoja akamcheka mbele ya foleni: "Majani? Kwani wewe mbuzi?" Mama hakujibu kitu. Tulipofika nyumbani akanishika mkono akaniapisha kwa jina la baba kwamba sitawaambia tena watu wa hospitali. Niliapa. Safari iliyofuata alipimwa akakutwa na 7, daktari akafurahi, akasema dawa zimemkubali. Mama akaniangalia akatabasamu.

Wiki tatu zilizopita, saa kumi alfajiri, nilisikia anaongea peke yake. Nilimkuta amelowa jasho la baridi, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tukadhani malaria imempanda kichwani. Jirani akaanza kumsomea dua. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeleta uji uliobaki, ulikuwa na sukari nyingi maana ni wa watoto, tukamnywesha kidogo kidogo. Baada ya muda akarudi, akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Usiku ule alikuwa amemeza vidonge, amekunywa kikombe chake, na ugali alikula matonge mawili tu akasema amechoka.

Kaka aliposikia alisema ukatwe mti ule leo leo, la sivyo hatumi hela tena. Mdogo wangu akasema kinachomuua mama ni vidonge, mjonso hauna madhara, hata sokwe wa Mahale wakiumwa wanautafuna wanapona, na yeye huwaambia wazungu habari hiyo kila wiki. Mama akasema, "Ukimwambia daktari, usinipikie tena."

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu siku ile nampunguzia. Naweka majani machache ya mjonso, naongeza maji, na ili asijue natia majani ya mwarobaini ubaki uchungu. Anakunywa, anasema leo dawa imekolea. Nalala nikiona aibu.

Majirani nao wameanza kuja kuomba majani, mmoja ana mimba. Sijui niwaambie nini.

Nivunje kiapo? Niukate mti? Au niendelee kutwanga ninyamaze? Nisaidie, Shangazi.

Wako, Mwenye Kinu, Mwandiga.

*

Marahaba, mwanangu Mwenye Kinu.

Kabla ya mambo ya kiapo na mti, fanya jambo moja usiku huu huu. Funga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye karatasi, weka karibu na kitanda cha mama, na kila mtu wa nyumba hiyo ajue viko wapi, mpaka yule mtoto aliyeleta uji. Ulichokieleza, jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha kuzinduka baada ya kitu kitamu, kinafanana sana na sukari iliyoshuka kupita kiasi. Kikitokea tena, koroga sukari hiyo kwenye nusu glasi ya maji anywe, subirini robo saa, na kama hajakaa sawa mrudie. Akishazinduka ale chakula. Halafu apelekwe kituo cha afya hata kama anasema amepona, kwa sababu glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Akiwa amezimia au hamezi, msimtie chochote mdomoni, maana kitampalia. Hapo ni kukimbia hospitali. Mkoa wenu huo una malaria nyingi na ndiyo sababu kila jasho mnaliita malaria. Sikulaumuni. Lakini kwa mtu anayemeza vidonge vya sukari, akitetemeka alfajiri, jambo la kwanza kufikiria ni sukari.

Mwanao huyo mpe zawadi kwa niaba yangu. Alifanya la maana kuliko wakubwa wote chumbani.

Sasa tukae.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unaniuliza uchague kati ya mti na vidonge, kati ya kaka na mdogo wako, kati ya kiapo na daktari. Mimi ninachokiona ni nyumba ambayo kila mtu ameshika kipande chake cha habari na hakuna mwenye picha nzima. Daktari anajua vidonge, hajui majani. Mama anajua majani, hajui mwarobaini. Kaka anajua aliyosimuliwa kwa simu. Wewe ndiye unayejua karibu yote, na wewe ndiye uliyefungwa mdomo. Sishangai kwamba hulali.

Nianze na sokwe, kwa sababu mdogo wako hakudanganya. Hadithi hiyo ni ya kweli na ni ya kwenu, ya mkoa wa Kigoma hasa. Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa kwenye milima ya Mahale pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtu wa porini na mjuzi wa dawa. Walikuwa wanamfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu, amelala wakati wenzake wanakula. Akauendea mti mmoja, akavunja tawi changa, akaanza kulitafuna. Kalunde ndiye aliyemwambia mgeni kwamba ule si mti wa chakula, ni mjonso, dawa kali ya watu wake ya tumbo, minyoo na homa. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudi kwenye hali yake, anakula. Waliandika habari hiyo kwa pamoja mwaka 1989, jina la Kalunde likiwa pale pale na la Huffman, na dunia nzima ya wataalamu wa wanyama ikaijua. Kwa hiyo mama akisema baba yake hakuwa mjinga, ana haki. Huenda babu yako na Kalunde walikunywa maji ya ziwa lile lile na elimu ile ile.

Lakini muulize mdogo wako: wageni wake huwa anawasimulia hadithi yote, au nusu? Maana Chausiku hakula majani. Alivua gome, akatupa majani, akatafuna ule moyo laini wa ndani ya tawi, akanyonya maji yake na kutema makapi. Na baada ya hapo hakurudi kila alfajiri kwa miezi saba. Wanakemia wa Japani waliopima mti huo baadaye walikuta kwamba kwenye majani na gome kumejaa kitu kinachoitwa vernodalini, ambacho kikizidi ni sumu, na kwenye moyo wa tawi kiko kidogo sana. Sokwe hajasoma kemia, ila alijua atupe nini. Nyinyi mnakamua hasa kile alichokitupa, vikombe viwili kwa siku.

Sikutishi. Majani hayo hayo huko Kameruni na Nijeria ni mboga, watu wanayala tangu enzi. Lakini huyasugua na kuyaosha, au kuyachemsha na kumwaga maji, mpaka uchungu mwingi umetoka ndipo yaingie sufuriani. Wewe unachuja, unatupa makapi, unampa mama maji yenye uchungu wote. Unaona tofauti? Mti ni ule ule. Kinachoubadilisha ni sehemu gani umechukua, umeiandaaje, kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani anakunywa.

Hapo nina swali ambalo ningependa umuulize mama yako siku mkiwa wawili, mnachambua dagaa au maharage, bila haraka. Babu alikuwa anampa mgonjwa mjonso kwa siku ngapi? Barua yako inasema alitibu tumbo, minyoo na homa. Hayo ni maradhi ya kuja na kuondoka, mtu anakunywa dawa chungu, anapona, anaacha. Sukari haiondoki. Na habari ya kwamba mjonso unashusha sukari, kwa maneno yako mwenyewe, haikutoka kwa babu. Ilitoka kwa jirani na kwenye simu. Nadhani mama anakunywa dawa ya WhatsApp akidhani anakunywa ya baba yake. Inawezekana nimekosea, yeye ndiye aliyekuwepo, ndiyo maana nasema umuulize yeye.

Je, mti huo unashusha sukari kweli? Kwa panya wa maabara, ndiyo, imeonekana mara nyingi. Kwa binadamu hakuna aliyeweka kipimo ambacho mtu atakishika akasema kikombe hiki ni sawa na kidonge hiki. Na majani hayalingani. Ya masika si ya kiangazi, ya mti mchanga si ya mti mzee, siku umechuma gao kubwa siku dogo. Lakini angalia: kama hayafanyi kitu, hakuna sababu ya kuyaogopa sana kwenye sukari. Kama yanafanya kweli, kama anavyoamini mama, basi alfajiri ile alikuwa amemeza dawa tatu za kushusha sukari juu ya matonge mawili ya ugali. Wanaousifu mti huu kuwa na nguvu ndio waliopaswa kuwa waoga kuliko sisi.

Mdogo wako anasema vidonge ndivyo vibaya. Glibenclamide kweli huweza kuangusha sukari, hasa kwa mtu mzima aliyelala bila kula vizuri, na hatari inazidi kama figo zimechoka. Kwa hilo hajakosea kabisa. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo, kosa lake kubwa ni kusumbua tumbo, na hilo tumbo lina dawa yake: kumeza pamoja na chakula, kuanza na kiasi kidogo, au kubadilishiwa aina ya kidonge kinachoyeyuka polepole. Daktari hakuambiwa kwamba mama anaharisha, au aliambiwa? Barua haisemi. Mimi nashuku safari nzima ya mjonso ilianzia tumboni kabla haijafika kwa jirani.

Ila mdogo wako akishauri mama aache vidonge ghafla, hapo simfuati hata hatua moja, na wewe usimfuate. Sukari ikipanda bila mtu kujua hula macho, figo na miguu kimya kimya. Ile 17 ya mwanzo mnaikumbuka.

Na hayo maneno ya dawa za kizungu na dawa zetu, tuyapunguze. Metformin ilitokana na jani. Kuna mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, watu wa vijijini huko waliutumia zamani kwa mtu mwenye dalili za kukojoa sana. Wataalamu wakatafuta kilichomo ndani yake, wakakirekebisha, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akaandika jinsi alivyoitumia metformin kwa wagonjwa wa sukari. Mmea wenyewe mbichi umewahi kuua kondoo malishoni. Kwa hiyo yule nesi aliyeuliza "kwani wewe mbuzi" angejua kidonge alichokuwa anakigawa kilikotoka, labda angechagua maneno mengine.

Turudi kwa huyo nesi. Nimekasirika kwa niaba ya mama yako, na nimejizuia nisiandike ukurasa mzima. Mtu mzima, binti wa mganga, mjane, anasema ukweli mbele ya foleni anachekwa. Kile kiapo alichokuapisha nadhani alikuwa anaitetea heshima ya baba yake, siri ya dawa ni jambo la pili. Ndiyo maana ukimwendea kwa njia ya "mjonso ni hatari" utakuta mlango umefungwa. Anasikia kicheko kile kile kikitoka kinywani mwa mwanawe.

Sasa ile siri yako. Uliogopa, ukafanya ulichoweza kwa mikono yako. Aibu yako naielewa, lakini hebu tuangalie kilichomo kikombeni. Mwarobaini nao haupo hapo kama rangi tu. Nao watu wanautumia kwa sukari, nao umeonekana kuishusha kwa wanyama, nao si wa kunywa kila siku miezi na miezi. Umetoa mchungu mmoja ukaleta mwingine usiojua nguvu yake. Uchungu haupimi dawa. Bibi yangu kule Sikonge alikuwa na mti ambao ukilamba jani lake unausikia mpaka masikioni, na kazi yake ilikuwa kufukuza viroboto.

Kuna jambo la pili linalonitia wasiwasi kuliko mwarobaini. Daktari alipoona 7 aliamini ni kazi ya vidonge. Tuseme sehemu yake ilikuwa ya mjonso. Sasa wewe unapunguza kimya kimya, safari ijayo anakuta 12. Atafanya nini? Ataongeza vidonge. Halafu siku umesafiri kwenda kuchukua mzigo, mama atamwambia mjukuu amtwangie, naye mtoto atatwanga kama alivyokuona zamani, gao zima. Alfajiri itakuwaje? Daktari anapiga hesabu huku namba moja imefichwa, tena namba yenyewe inabadilika kila siku. Kwa macho yangu hatari kubwa ya nyumba hiyo iko hapo, zaidi ya kwenye mti wenyewe na zaidi ya kwenye vidonge vyenyewe.

Una njia kadhaa na zote zina miiba.

Unaweza kunyamaza na kuendelea. Kiapo kitabaki kizima na mama ataendelea kukupenda. Lakini umeshaona alfajiri moja, na ya pili inaweza kukukuta umelala usingizi mzito.

Unaweza kwenda kwa daktari peke yako, kisirisiri. Habari itafika. Lakini daktari hataweza kuitumia bila kumwambia mama alikoipata, na mama atajua siku hiyo hiyo. Anaweza kuacha kliniki kabisa, akabaki na mti peke yake, au akatafuta mtu mwingine wa kumtwangia ambaye hatakuwa na huruma yako. Yako mambo ambayo mtu huvunja kiapo kwa ajili yake, na uhai ni mojawapo. Mama akianguka tena na mkafika hospitali hajitambui, sidhani kama baba yako huko aliko angekudai kiapo wakati daktari anauliza amekunywa nini. Lakini leo mama anajitambua, na mtu anayejitambua ana haki ya kusema mwenyewe.

Unaweza kuukata mti kama anavyotaka kaka. Mjonso ukiukata unachipua, na Kigoma nzima imejaa mijonso kwenye nyua za watu. Utakuwa umekata kumbukumbu ya babu yako na dawa itaingia kwa mlango wa nyuma. Kaka yako naye usimwone katili. Mtu aliye mbali hana kikombe cha kushika wala paji la uso la kugusa, ana hela tu, basi anatishia kwa hela. Mpigie simu, mweleze alfajiri ile tangu mwanzo, umwambie unachohitaji kwake si shoka. Mwombe anunue kipima sukari cha nyumbani na vijiti vyake. Hiyo ndiyo kazi inayomfaa mtu wa Dar es Salaam.

Na unaweza kujaribu kumfanya mama aseme mwenyewe, kwa masharti yake. Njia hii ni ndefu na inaweza kushindikana. Ningeanza kwa kukiri. Kumwambia, "Mama, tangu siku ile niliogopa, nimekuwa nakupunguzia na kukuchanganyia." Atakasirika, pengine atasusa chakula chako siku mbili. Lakini ukiwa umefunua siri yako ndipo utaweza kumwomba alegeze ile yake, na sioni jinsi utakavyomwomba ukweli huku unamkorogea uongo kila asubuhi. Kisha mwombe jambo dogo: kwamba kwa wiki moja, mbili, muandike kwenye daftari. Saa ngapi amekula, nini, amemeza kidonge gani, amekunywa au hakunywa, kipimo kimesomaje. Kama kwenye kipimo cha milimoli kinasoma chini ya 4, ni chini mno, msingoje dalili. Kama anakubali kuuweka mjonso pembeni kwa siku hizo mpaka aonane na daktari, ni heri zaidi, huku anapimwa kila siku muone sukari inakwenda wapi. Kama hakubali, angalau asinywe usiku, na asinywe tumbo tupu. Na vidonge anavyovifunga kwenye kanga viandikwe pia. Usimgombeze kwa hivyo, viandikwe tu.

Binti wa mganga anaweza kulipenda daftari kuliko unavyodhani.

Daftari hilo ndilo liende kliniki, na jani moja la mjonso likiwa katikati ya kurasa. Ombeni daktari mwingine au nesi mwingine, mna haki hiyo, na nendeni mapema kabla foleni haijajaa ili maneno yasemwe mlango ukiwa umefungwa. Msiulize kama majani yanaruhusiwa, maana jibu la haraka litakuwa hapana na mtarudi pale pale. Mwelezeni alfajiri ile, kisha muulize: "Kwa hali hii, dozi ya usiku ibaki vile vile?" Huenda akapunguza glibenclamide au akaibadilisha, huenda akapima figo na ini. Tiba asili nchini mwetu si jambo la kujificha, ina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na pale Muhimbili kuna taasisi inayochunguza miti hii tangu mwaka 1974. Mtu wa hospitali anayecheka majani amepitwa na serikali yake mwenyewe.

Majirani ni rahisi zaidi. Yule mwenye mimba mnyime, na umwambie sababu: katika baadhi ya maeneo ya Uganda wanawake wameutumia mti huu kuharakisha uchungu wa kuzaa, kwa hiyo si wa kuchezea mimba ikiwa bado changa. Wengine nao, wewe huwajui wanameza nini majumbani kwao. Waambie mti umechumwa sana, unapumzika. Huo ni uongo mdogo, nitaubeba mimi.

Niandikie mkitoka kliniki, hata kama mama amesusa njia nzima. Na msalimie sana. Mwambie kuna mwanamke Tabora, mjukuu wa mwenye mti kama yeye, anayetaka sana kujua: baba yake alipokuwa anaandaa mjonso, ni sehemu gani alikuwa anaitupa?

Shangazi yako.